Klachi Tu, Bosi

Jamani, nani aliwafundisha mafundi neno "kidogo"? Asubuhi nimeambiwa, "Klachi tu, bosi, kazi ndogo, saa 4 unaondoka." Sasa ni saa 11 jioni, kirikuu yangu, kile kigari cha mizigo, iko juu ya magogo, utumbo nje, na mimi, mweka hazina wa kikundi cha kuzikana, nimelala chali kwenye vumbi la gereji.

Propela shafti ilitoka. Stata ikatoka. Oili ya gia ikamwagwa kwenye sufuria ambalo nahofia ndilo la chai. Kushusha giaboksi hakukuwa na shida, maana dogo alikuwepo. Kurudisha ndipo dogo kaenda kufuata vitumbua, tangu adhuhuri.

"Bosi, nishikie giaboksi hapo chini. Isapoti tu, isining'inie, itapinda diski mpya ya klachi."

Nikaingia. Kitu kina uzito wa mbuzi wa Idi, nacho kiko kifuani kwangu. Shafti ya giaboksi inatakiwa iingie katikati ya diski, kwenye meno yake, na hiyo katikati fundi kaipima kwa kijiti alichokichonga mwenyewe. Haiingii.

"Inua kidogo. Umezidisha. Shusha. Zungusha kidogo."

"Fundi, nazungushaje na mimi ndiye jeki?"

Simu ikalia. Fundi akaniwekea sikioni. Mama watoto: uko wapi?

"Siwezi kuongea, nimelaliwa."

"Umelaliwa na nani?"

"Giaboksi!"

Kimya. Akakata. Fundi anacheka, na akicheka anaachia upande wake. Eti alitaka pia turudishe rilizi beringi ya zamani, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, "bado nzima hii." Ikifa mwezi ujao, si tunashusha boksi lote upya? Nilale tena hapa? Nikamjibu kwa sauti ambayo kikundini hawajawahi kuisikia.

Bei za spea Kariakoo sizisemi, nina presha.

Na chanzo cha yote ni shemeji. Kwake pedali ya klachi ni kigoda: anapumzisha mguu toka Mbagala mpaka mjini. Kwenye mwinuko hashiki breki, analishikilia gari kwa klachi, huku anapiga soga. Harufu ikitoka anauliza nani anachoma mpira.

Sasa hivi kanitumia ujumbe: "Shem, Jumamosi nahamisha makochi." Makochi yenyewe ya mkopo, hajamaliza kulipa. Nayajua vizuri. Mdhamini ni mimi.