Amitriptilini Haijashindwa, Haijapewa Nafasi

Kwa wengi, amitriptilini ni dawa ya usingizi, au ya ganzi na miguu kuwaka moto kwa wenye kisukari. Ukitaja sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, utaelekezwa kwenye fluoksetini, dawa ya sonona iliyokuja baadaye. Naona amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, haitendewi haki.

Fluoksetini huongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia. Amitriptilini, ya kundi la dawa za zamani za sonona liitwalo trisaikliki, huongeza serotonini na kemikali nyingine ya ubongo, noradrenalini, ila hugusa na mengine yasiyohusika: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, asubuhi kichwa kizito.

Mwaka 2018 jarida la The Lancet lilitoa uchambuzi wa majaribio 522 ya dawa 21, yenye washiriki 116,477. Ikilinganishwa na kidonge bandia, uwiano wa kupata nafuu kwa amitriptilini ulikuwa 2.13 (1 ingekuwa sawa na kidonge bandia), wa juu kuliko dawa zote. Wa fluoksetini 1.52. Ni kweli majaribio mengi yalikuwa ya wiki chache, na pengo kati ya dawa na dawa si kubwa. Lakini dawa iliyoanza kutumika mwaka 1961 kuongoza orodha hiyo si jambo la kupuuza.

Mbona basi wagonjwa wanasema haisaidii? Angalia cheti cha dawa: miligramu 25 usiku, mwezi baada ya mwezi. Hiyo ni dozi ya maumivu ya neva, au ya kuanzia tu. Kwa sonona mtu mzima hupandishwa polepole, kwa kawaida hadi 75 au 150. Aliyeachwa kwenye 25 atalala vizuri, na huzuni itabaki palepale.

Fluoksetini haina usumbufu huo: miligramu 20 za asubuhi tayari ni tiba. Kubwa zaidi, amitriptilini ikizidishwa huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Kwa aliyewahi kuwaza kujiua, au mwenye ugonjwa wa moyo, sibishani, apewe fluoksetini. Nayo ina yake: kichefuchefu, kukosa usingizi, na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wengi huona aibu kulisema, wakaacha dawa kimyakimya.

Ila kwa asiye na hatari hizo, anayekesha na kukonda, daktari asiandike kwamba amitriptilini imeshindwa kabla ya kuuliza: alifikishwa miligramu ngapi, na kwa wiki ngapi?