B au D: ubishi wa breki za gari la umeme kwenye foleni ya Dar

Wakutanishe watu wawili wanaoendesha Nissan Leaf hapa Dar, ubishi wa gia hauchelewi. Mmoja anasema weka B muda wote: ukiachia mafuta (jina limebaki, ingawa mafuta yenyewe hayapo) gari linajikamata na umeme unarudi kwenye betri. Mwenzake anasema B ni kujidanganya. Acha D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, gari liserereke, umeme ambao hukuutumia hauhitaji kurudishwa. Wote wana hoja, ila si kwenye barabara moja.

Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anaijua siri yake: ukiigusisha na tairi taa inawaka, lakini pedeli zinakuwa nzito. Breki rejeshi ni mambo yale yale. Mota iliyokuwa inasukuma magurudumu inageuka dainamo, na ule uzito ndio unaopunguza mwendo. B inauongeza uzito huo, basi.

Sasa tupige hesabu kwa lugha ya LUKU. Gari la kilo 1,600 likitembea kilomita 60 kwa saa lina nishati ya wati-saa 62 hivi, yaani uniti 0.06. Ukiifunga breki kwa mota, nishati hiyo inapita kwenye inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa mota uwe wa betri) hadi kwenye betri, halafu inarudi njia ile ile utakapoondoka tena, na kila kituo kinakata ushuru wake. Tukadirie theluthi moja inapotelea humo. Mtu wa D aliyeiona taa nyekundu kwa mbali, akaachia mapema, hakulipa ushuru huo. Mwendo wake umeishia kwenye kusogea mbele. Bagamoyo Road alfajiri ya Jumapili, kwa kweli, hana mpinzani.

Lakini jaribu kuserereka hivyo kati ya Mwenge na Makumbusho saa 1 asubuhi. Nafasi uliyoiacha mbele yako inaingia daladala, na pembeni yake bodaboda mbili. Utafunga breki utake usitake, na hapo wa B hucheka. Asicheke sana. Kwenye foleni mwendo wenyewe ni kilomita 20, na mwendo ukipungua hadi theluthi, nishati inashuka hadi sehemu moja ya tisa: wati-saa 7 tu. Simama mara 100 kutoka mwendo huo, utakachorudishiwa hakifiki nusu uniti. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1 kinakula uniti nzima kwa saa moja ya foleni hiyo hiyo. Kuna watu wanagombana kuhusu B huku wameshusha kiyoyozi hadi nyuzi 18.

Kuna jambo jingine ambalo wabishi wengi hulisahau. Kwenye Leaf, hata pedeli ya breki yenyewe huita mota kwanza. Pedi, vile vipande vinavyobana diski za magurudumu, zinaingia pale unapokanyaga kwa nguvu, au gari linapokaribia kusimama. Dereva wa D mwenye mguu laini hurudisha karibu sawa na wa B. Tesla si hivyo: pale umeme hurudi unapoachia mafuta, na pedeli ya breki inakupeleka kwenye pedi. Kwa hiyo ushauri wa dereva wa Tesla wa California usiuvae mzima mzima Kimara.

Na wapo waliotoka kwenye Toyota haibridi, yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Kule B huishirikisha injini kuzuia gari, na sehemu ya nishati inaishia hewani. Ilikusudiwa miteremko mirefu. Herufi ni moja, kazi ni mbili tofauti, na nadhani nusu ya ubishi wetu unaanzia hapo.

Pa kuitumia B bila kusita ni mteremko, kama kushuka kutoka Kimara kuja Ubungo, ambako ungefunga breki kwa vyovyote. Ila ukiwa umelala unachaji hadi asilimia 100, betri haina pa kuuweka umeme huo. Gari halijikamati kama ulivyozoea jana, na ukilitegemea utashtuka.

Mimi niko upande wa D na mguu laini. B naiona zaidi kama pumziko la mguu, na pedi zinadumu, ingawa kwa hewa yetu ya chumvi diski isiyoguswa inashika kutu, kwa hiyo funga breki ya kawaida mara moja moja. Kinachonisumbua kwenye B ni taa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinalazimisha taa ya breki iwake pale tu breki rejeshi inapopunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde, kila sekunde. Chini ya hapo gari linaweza kupunguza mwendo bila taa yoyote nyuma. Bodaboda aliyekuganda nyuma anafuata taa, wala hajui una gia gani. Ndiyo maana nikimwona kwenye kioo, hata nikiwa B, breki naigusa kidogo.