Kuku wa Dakika Ishirini na Tano

Ukitaka kujua mafundi cherehani tunavyosemwa, kaa kwenye benchi la mama lishe jirani yangu pale Tandika wakati mimi sipo. Utasikia kwamba nguo ya Idi ukinipa mimi utaivaa Idi ya mwakani, na kwamba kuna mtoto sare yake ya darasa la kwanza ilitoka akiwa la tatu. Hiyo ya pili ni uongo mtupu. Alikuwa la pili, na ilimtosha kwa sababu nilimwachia pindo.

Aliyeniletea habari za kupanga muda ni mpwa wangu. Yuko chuo, na akija likizo hunisaidia kubandika vifungo huku akinirekebishia maisha. "Mjomba," akaniambia, "wewe tatizo lako si kazi nyingi. Huna mfumo."

Basi tukaanza na mfumo wa visanduku vinne, unaoitwa kwa jina la Eisenhower, yule jenerali aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961. Jambo la muhimu na la haraka unalifanya sasa hivi. La muhimu lisilo la haraka unalipangia siku. La haraka lisilo na umuhimu unampa mtu mwingine, na lisilo na lolote kati ya hayo unaachana nalo. Nikachora visanduku kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Wateja wangu wote wakajaa kwenye kisanduku cha kwanza. Nenda kamwambie mama wa Temeke kwamba kupunguza dira lake si jambo la muhimu, uone kama hatakuonyesha umuhimu wake hapo hapo, mbele za watu. Na huyo mtu mwingine wa kumpa kazi ni nani? Kijana wangu wa overloki? Yule mwenyewe natafuta mtu wa kumpa. Jioni nikatandaza kitambaa cheupe juu ya meza ile ile, na kanzu ya ustadhi mmoja ikatoka na Eisenhower mgongoni.

Tukahamia kwenye simu. Nikaweka alamu ya kuamka saa mbili, kwa saa zetu hizi za asubuhi, nikaandika 2:00 kama mtu mwenye akili zake. Ikaniamsha saa nane usiku. Mke wangu akasema mfumo mwingine wa namna ile ukiingia mle ndani, mimi na mpwa wangu tukalale bandani na cherehani.

Kuna kitu kimoja tu alichonisomea kijana yule nikavua kofia. Kuna Mwingereza, Parkinson, aliyeandika mwaka 1955 katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ikajaza muda wote iliopewa. Huyo bwana hakuwa fundi cherehani, lakini lazima kuna fundi alimchelewesha. Mpe fundi wiki tatu za gauni, atalishona usiku wa kuamkia shughuli. Mpe siku mbili, atalishona usiku wa kuamkia shughuli.

Dawa yake, mpwa akasema, ni ya Mtaliano aitwaye Francesco Cirillo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Cirillo alikuwa mwanafunzi wa chuo, kusoma kunamshinda, akachukua kile kisaa cha jikoni cha kugeuza kwa mkono, chenye umbo la nyanya, akakitegea. Unafanya kazi moja dakika 25 bila kugusa kingine, kikilia unapumzika dakika 5, unarudia. Ukimaliza mizunguko minne unajipa mapumziko marefu, dakika 15 mpaka 30. Nikamuuliza mpwa wangu kama Cirillo alikuwa anasomea barazani, karibu na kituo cha daladala. Akasema hilo hawakuandika.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kutafuta nyanya. Muuzaji akapekua mzigo wake wote akanitolea kuku. Kuku wa plastiki mwenye kilemba chekundu. Unamshika kiuno unamgeuza, anaanza tik, tik, tik, na muda ukiisha analia kengele ya kuamsha mtaa. Nikamwambia nataka nyanya. Akasema, "Mzee, dakika ni zile zile. Nyanya na kuku si vyote mboga?" Nikashindwa hoja, nikalipa.

Kuku yule alifanya kazi, hilo siwezi kumnyima. Tatizo alifanya kazi ya mama lishe zaidi kuliko yangu. Nikimgeuza tu, jirani anabandika wali. Akilia, nasikia ng'ambo ya ukuta, "Haya, palieni moto!" Siku nikiamua kukata kitambaa bila kumtega, naletewa mtu: "Fundi, mama anauliza kuku wako leo anaumwa?" Wateja nao walimgeuza vyao. Niliwaambia nikiwa ndani ya dakika 25 sisemi na mtu, wakawa wanakaa benchi wakimkodolea macho kuku, na akilia wote wanasema kwa pamoja. Mimi mwenyewe ule mlio wa tik tik niliuzoea mpaka ukawa hauniingii tena masikioni. Shikilia hapo, kwa sababu ndipo kesi ilipoanzia.

Nilikuwa na gauni la sendofu la kupeleka Sinza. Satini, lasi mabegani, mkia wa kufagia ukumbi. Kadi ilisema saa kumi na mbili jioni, na mama mwenye shughuli alishanipigia simu mpaka sauti yake ikawa inanijia hata simu ikiwa imezimwa. Saa nane mchana nilikuwa nimeshapiga pasi. Hebu nipigiwe makofi kidogo hapo.

Mpwa wangu alinifundisha kupima muda wa kila kitu, safari ikiwamo, ili ujue unapotelea wapi. Kwa hiyo nilipopanda gari Tandika (niligeuza nalo tangu kituo cha nyuma nipate siti, gauni la satini halisimami mtu akalikanyagia) nikamzungusha kuku mpaka dakika 60, ndio mwisho wake, nikamtia ndani ya shangazi kaji. Chini ya begi kulikuwa na kopo la bati la biskuti ninalowekea sindano na nyuzi. Kuku akakaa juu ya kopo. Nikapakata begi, nikawaza mambo ya zipu.

Gari likajaa, likajaa tena. Tukafika Tazara. Tangu 2018 wenzetu wa Barabara ya Nyerere wanapita juu kwenye daraja la Mfugale kama wageni rasmi; sisi wa Mandela tuko chini tunaangalia taa. Hapo kwenye foleni ndipo abiria mmoja alipoinua kidole.

"Suka, gari lako linagonga."

Watu wakanyamaza wakasikiliza. Kweli. Tik, tik, tik, na ndani yake mwangwi wa bati. Ndani ya daladala la Dar es Salaam hakuna asiye fundi makenika. Mmoja akasema bushi. Mwingine akasema propela, shemeji yake aliwahi kuachwa Kibaha na propela inayolia vile vile. Mimi nilikuwa siti ya juu ya tairi la nyuma, kwa hiyo maoni yangu yalikuwa na uzito wa pekee. Nikatega sikio, nikatikisa kichwa kitaalamu.

"Beringi hiyo," nikasema. "Tairi la nyuma kushoto. Inatoka hapa hapa nilipokaa mimi."

Wote wakaafiki. Jirani yangu akainama akaweka sikio karibu na goti langu, akasema, "Duh, mzee uko sahihi, iko hapa kabisa."

Dereva akavumilia mpaka Buguruni, akaegesha pembeni, akashuka na konda. Wakapiga tairi teke. Wakachungulia chini. Mzee mmoja wa siti ya mbele, mwenye busara zake, akatoa wazo: "Zima injini kwanza, utasikia vizuri mlio unatoka wapi."

Injini ikazimwa.

Tik. Tik. Tik.

Sasa beringi ya gari lililosimama, injini imezimwa, inazunguka na nini? Niliona kila mtu akijiuliza swali hilo kwa wakati wake. Mimi nilikuwa bado natafuta jibu la kuitetea beringi yangu, na nusura nilipate, mtoto mdogo akamvuta mama yake khanga.

"Mama, begi la yule baba linaongea."

Watu arobaini wakaligeukia begi. Nikafungua mdomo kueleza, na jamani, hebu jaribu wewe kueleza. Unaanza na kuku? Unaanza na Mtaliano? Nilipata kusema, "Ni mambo ya kupanga muda," na kutoka siti za nyuma mtu akapiga kelele:

"LINAHESABU!"

Sijaona gari likishusha kwa kasi ile. Konda, ambaye kila siku anasema nyuma kweupe, siku hiyo aliona kweupe ni barabarani. Alikuwa ndiyo anarudi mlangoni, akageukia hapo hapo na nauli zetu zote mkononi. Bwana mmoja mwenye tai alipita dirishani bila kuvua mkoba. Yule mtaalamu wa propela alipita juu ya watu, na viatu vyake nikabaki navyo mimi. Gari zima likabaki na mimi na bibi mmoja aliyekaa siti ya kati na kikapu chake cha mihogo. Nikamwambia, "Bibi, shuka tu." Akasema, "Mimi nimelipa mpaka Ubungo."

Hapo dakika 60 zikaisha. Kuku akalia juu ya lile kopo kwa nguvu zote alizopewa na mtengenezaji, na sindano zote ndani zikamwitikia. Nje nikaona waliokuwa wamelala chini wakijikunyata zaidi. Nikatumbukiza mkono begini, nikamtoa, nikamnyanyua juu dirishani watu wote wamwone, kilemba chekundu na kila kitu.

Kimya kikapita. Kisha bodaboda mmoja akasema, taratibu, "Ni kuku."

Maneno niliyoambiwa baada ya hapo siwezi kuyaandika, kuna watoto wanaosoma. Konda alikuwa wa mwisho kurudi na wa kwanza kukasirika. Akasema ningetamka mapema kwamba nina kuku angefungwa miguu akakaa chini ya siti kama kuku wengine, na kwa kuwa amesafiri siti moja na abiria, nauli yake iko palepale. Nikalipa. Yule wa propela akachukua viatu vyake bila kunitazama.

Lakini sikilizeni. Dereva, kwa kuwa jeki alishaishusha, akajisemea bora aangalie tu. Akatikisa tairi la nyuma kushoto. Likacheza. Akalitikisa tena, likacheza zaidi. Beringi ilikuwa imekwisha kabisa, imebaki jina. Abiria wote ikabidi wafaulishwe kwenye gari jingine, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyegeuka akasema, "Fundi, ulisema." Gari lililowachukua lilinikataa mimi.

Nikachukua bodaboda mpaka Sinza, gauni nimelikumbatia, kuku nimemtia mfukoni. Nilifika karibu saa kumi na mbili, nimejiandaa kutukanwa. Mama mwenye shughuli alikuwa bado na rola kichwani anagombana na mtu wa viti. Keki ilikuwa Kimara. Mshereheshaji alikuwa "hapa hapa nyuma yako nakuja", maana yake hajaoga. Akanipokea kama malaika. "Fundi, wewe wa kwanza! Mungu akuweke." Kisha akanizuia nisiondoke, zipu isije ikaleta maneno.

Bibi harusi mtarajiwa aliingia ukumbini saa tatu kasoro, na zipu ikatulia. Shida ikawa ukumbi unafungwa saa sita kamili na orodha ya watoa nasaha ilikuwa karatasi mbili. Mwenyekiti wa kamati akawa anazunguka anatoka jasho. Nilikuwa kwenye meza ya nyuma na sahani yangu ya pilau, nikaona bora nimsaidie. Nikamtolea kuku, nikamweleza: dakika tano kila msemaji, akilia, kipaza sauti kinarudi. Mwenyekiti akamwangalia yule kuku kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kupewa na mteja.

Shangazi watatu walikwenda vizuri. Kila kuku akilia ukumbi unapiga vigelegele, na msemaji anakaa. Nikaanza kufikiri nimkodishe.

Kisha akaitwa baba mkubwa, aliyetoka mkoani kwa ajili ya shughuli hiyo tu. Akasimama, akasalimia itifaki yote, akasalimia tena upande wa pili, akaanza kueleza ukoo ulivyohamia pale walipo. Alikuwa ndiyo amemfikia babu wa babu, kuku akalia.

Baba mkubwa akanyamaza. Akautazama ukumbi mzima, meza kwa meza.

"Mwenye hiyo simu," akasema, "atoke nje akapokee. Sisi tutamsubiri."

Tukasubiri. Hakuna aliyetoka. Kuku alipomaliza, mzee akakohoa, akashika kipaza sauti vizuri kwa mikono miwili.

"Sasa kwa sababu mmenikatisha, naomba nianze upya."