Osadebe, mapedeshee wa Onitsha, na nani hasa aliulipia muziki wa Waigbo

Wanaoujua muziki wa highlife (dansi ya Afrika Magharibi ya gitaa na tarumbeta) wa Waigbo, watu wa kusini mashariki mwa Nigeria, hawabishani juu ya sauti ya Chief Stephen Osita Osadebe. Wanabishana juu ya majina. Sikiliza santuri zake za miaka ya 1970 na 1980: gitaa linatulia, ngoma inapata mwendo wake, mashairi ya nasaha yanaimbwa, kisha mzee anaanza kutaja watu. Chifu wa mji huu, mfanyabiashara wa mji ule, rafiki yake mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Majina yanafuatana dakika nzima. Kwa wakosoaji, hapo ndipo msanii mkubwa alipojigeuza chawa wa matajiri. Hoja hiyo ina uzito kuliko mashabiki wake wanavyokubali. Hata hivyo inamhukumu mtu bila kuuliza nani mwingine alikuwa tayari kumlipa.

Osadebe alizaliwa mwaka 1936, na kwao ni Atani, ukingoni mwa mto Niger, kusini ya Onitsha, mji wa biashara wa Waigbo. Alikwenda Lagos kijana, akaimba na Empire Rhythm Orchestra ya E.C. Arinze, akaanza kurekodi mwaka 1958, na mwaka 1964 akawa na bendi yake, Nigeria Sound Makers. Highlife ya wakati huo ilikuwa muziki wa mahoteli na kumbi za usiku. Watu walinunua tiketi, walinunua vinywaji, mwenye ukumbi akailipa bendi. Mwanamuziki hakuwa na haja ya kumjua aliyekaa meza ya mbele.

Vita ya Biafra, ya 1967 hadi Januari 1970, mashariki ya Waigbo ilipojaribu kujitenga na Nigeria, ilivunja mpango huo. Wanamuziki wengi wa Kiigbo walikuwa wameikimbia Lagos na kurudi mashariki, na waliobaki hai walijikuta katika miji isiyo na kitu. Yapo mengi ya kusema juu ya miaka ile, lakini mimi hurudi kwenye tarakimu moja: pauni 20.

Baada ya vita, serikali ya shirikisho iliamua kwamba waliokuwa na akaunti za benki zilizotumika katika eneo la Biafra walipwe pauni 20, hata kama waliweka nyingi kiasi gani. Aliyekuwa na pauni 50 alipata 20. Aliyekuwa na 5,000 alipata 20. Waliotetea uamuzi huo walisema kumbukumbu za benki zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani ana nini. Hata tukilikubali hilo, matokeo yake hayabadiliki. Naira ilipoanza kutumika mwaka 1973, kwa kiwango cha naira mbili kwa pauni, pauni hizo 20 zilikuwa naira 40. Na katikati ya hapo, mwaka 1972, ikatoka amri ya kuwauzia Wanigeria hisa za kampuni za kigeni. Wenye akiba walinunua. Waigbo wengi wangenunua kwa fedha gani?

Nasisitiza jambo hili kwa sababu matajiri wanaotajwa katika nyimbo za Osadebe hawakushuka kutoka mbinguni. Wengi wa kizazi kile walianza upya na fedha isiyotosha hata kukodi kibanda: kuuza vipuri, nguo, dawa, huku wakiwachukua vijana wa ukoo wafanye kazi dukani miaka kadhaa kisha wapewe mtaji wajitegemee. Vyama vya miji vilichangisha fedha za shule na barabara, na waliotoa nyingi walijulikana kwa majina. Kwa jamii iliyoambiwa kwamba akiba yake yote ni pauni 20, kusikia jina la mtu wa kwenu likiimbwa kwenye santuri lilikuwa tangazo kwamba tumesimama tena. Mkosoaji anayesikia kujikomba tu mle ndani amesikia nusu ya wimbo.

Tazama sasa jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Soko la muziki wa Kiigbo lilihamia Onitsha, ambako kampuni za wenyeji kama Tabansi na Rogers All Stars zilitoa santuri. Kisha kanda zikafika, na mtu mwenye mashine mbili aliweza kudurufu kazi ya msanii usiku mmoja na kuiuza sokoni asubuhi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1970 ilikuwepo kwenye makaratasi. Iliyokuwa na meno zaidi ilikuja mwaka 1988. Albamu ya Osondi Owendi, iliyompa Osadebe umaarufu kuliko zote, ilitoka mwaka 1984, katikati ya pengo hilo. Inasemwa alitunga nyimbo zaidi ya 500. Mirabaha ya nyimbo 500 ingemtosha mzee yeyote kuzeeka bila kumtegemea mtu, kama ingekusanywa.

Haikukusanywa, kwa hiyo bendi ililipwa kwenye harusi, mazishi na sherehe za kuvikwa uchifu. Mwimbaji anataja jina. Mwenye jina anainuka taratibu, anatengeneza kofia yake nyekundu, anacheza mpaka mbele ya jukwaa na kuanza kubandika noti moja moja kwenye paji la uso la mwimbaji. Chini kuna kijana wa bendi na begi lake, anaokota. Begi hilo ndilo lililolipa wapiga gitaa, mafuta ya gari na nyuzi mpya. Msomaji wa Dar es Salaam au Kinshasa hahitaji kuchorewa picha: sisi tuna mapedeshee wanaotajwa na bendi za dansi, Wakongo wana mabanga yao, yaani majina yanayotajwa kwenye wimbo kwa malipo, na taarab haijawahi kukosa mtu wa kutunza.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe. Pedeshee haji na risiti ya alivyochuma. Kadiri miaka ilivyokwenda, fedha za jasho zilichanganyika na fedha za utapeli na mbaya kuliko hizo, na mwimbaji hakuwa na namna wala haja ya kuzitenganisha. Mwaka 1996 mji wa Owerri uliwaka moto katika ghasia za Otokoto, baada ya mtoto kuuawa na watu kuamini kwamba ni mauaji ya kutafutia utajiri. Wananchi walichoma nyumba na mali za waliohisiwa kutajirika kwa njia hiyo. Hasira ile ilikuwa imejaa muda mrefu, na ni haki kuuliza muziki ulikuwa wapi. Mtu anayekula kwenye begi la noti hawezi kwa urahisi kumkemea aliyelijaza. Hasara hiyo ni ya kweli, na sioni pa kuificha.

Mfano wanaoupenda wakosoaji ni Mike Ejeagha wa Enugu, aliyejenga jina kwa kuimba ngano za kobe na tembo badala ya majina ya matajiri. Nampenda mno, na mfano ni mzuri. Ila tuufuate hadi mwisho. Wimbo wake wa zamani uliwarukisha vijana wa Afrika nzima mwaka 2024, baada ya mchekeshaji Brain Jotter kuuchezea kwenye video fupi. Mzee alikuwa na miaka 94. Mchekeshaji alimpelekea zawadi ya naira milioni mbili, serikali ya jimbo ikaipa barabara jina lake, na mwaka uliofuata akafariki. Hata aliyekataa kuimba majina alifikiwa na fedha kwa njia ya zawadi, isipokuwa yeye aliingoja miongo minne. Ukitaka wasanii wote wawe Ejeagha, kwanza wape mfumo unaomlipa Ejeagha akiwa na miaka 50.

Osadebe alifariki Connecticut, Marekani, Mei 2007. Mashabiki wake walimwita daktari wa shinikizo la damu, kwa jinsi muziki wake unavyotuliza, na vijana wasiojua hata mmoja wa machifu aliowataja wanaendelea kuusikiliza. Majina yamepoa, gitaa na nasaha vimebaki.

Utetezi huu, hata hivyo, hauwafuniki warithi wake wote. Flavour na Phyno, wanaoimba kwa Kiigbo leo, wana mitandao inayowalipa, matangazo ya biashara na maonyesho ya nje. Mwaka 2021 walisikika pamoja na mwimbaji mkongwe Theresa Onuorah katika Egedege, wimbo wa mtayarishaji Larry Gaaga, kazi iliyomrudisha mama huyo masikioni mwa kizazi kipya, na hilo nawapongeza bila kigugumizi. Wakiimba jina la tajiri hawana kisingizio cha pauni 20 wala cha kanda zilizodurufiwa Onitsha. Wao waulizwe wazi: huyu mnayemwimba amejenga nini, na fedha yake imetoka wapi?