Darasa la muda, muda gani?

Mtu akikwambia "niazime hela kidogo kwa muda" si utamuuliza mpaka lini? Sasa mi huwa nashangaa, shule ikiletewa yale madarasa ya prefabu, paneli zinashushwa kwenye lori zinafungwa nati wiki chache tu watoto wako ndani, hilo swali hakuna anayeuliza. Watu wanapiga picha, wanashukuru, kila mtu kwake.

Mi sina ugomvi na prefabu yenyewe jamani. Kuna siku inaokoa. Uingereza mwaka 2023, imebaki siku chache shule zifunguliwe, serikali ikasema majengo yenye ile zege nyepesi ya RAAC yasitumike mpaka yawekewe vya kuyashikilia, maana inaweza kudondoka bila hata kutoa dalili. Shule zaidi ya 100 zikaguswa. Pale ungewaweka wapi watoto? Prefabu zikaagizwa, na mi ningeagiza pia.

Ila hao hao mwaka 1947 walipandisha umri wa kumaliza shule kutoka miaka 14 hadi 15, wanafunzi wakawa wengi kuliko vyumba, wakajengewa vibanda vya harakaharaka vinaitwa HORSA. Vya kujishikiza tu. Basi kuna vilivyoingia karne ya 21 bado vipo, na waliosoma humo wana wajukuu!

Na kukaa humo sio raha kama kwenye picha. Mbao zile za kugandishwa na gundi zikiwa mpya zinatoa formaldehaidi, ndio ile harufu kali inayowasha macho, ukifunga madirisha inajaa chumbani. Utasema si kuna mashine ya hewa. Ipo, lakini inaunguruma, na mwalimu ana watoto wanataka kumsikia, kwa hiyo anaizima. Kule California mwaka 1996 walitaka madarasa ya watoto wadogo yasizidi wanafunzi 20, wakajaza prefabu kibao, halafu serikali yao yenyewe ilipokuja kuchunguza ikakuta walimu wanazima mashine kwa sababu ya kelele. Hewa ikishachoka kaboni dioksaidi inapanda, watoto wanasinzia saa nne asubuhi, halafu tunasema watoto wa siku hizi wavivu. Mvua ikinyesha juu ya bati ndo usiseme, hapo somo limeisha.

Kingine ambacho hakisemwi, prefabu zinawekwa wapi? Uwanjani. Wanafunzi wanaongezeka, pa kuchezea panapungua, na vyoo ni vile vile.

Ila kinachoniuma zaidi ni kwamba watoto wakishapata paa, ile shule inatoka kwenye orodha ya dharura. Fungu la jengo la kudumu linaenda kwingine, mwalimu mkuu anahamishwa, anayekuja anakuta prefabu anadhani ndivyo shule ilivyo. Hakuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo wala, ni kwamba mkataba uliandikwa tarehe ya kuleta tu, ya kuondoa hakuna.

Mi ningeanzia hapo. Mkataba uwe na tarehe ya kuondoa, na hiyo tarehe ipakwe rangi mlangoni kwa herufi kubwa, watoto wanaojifunza kusoma waisome kila asubuhi. Mwaka ukipita watauliza wenyewe, na mtoto akianza kuuliza unamjua, haachi.