Kabureta ilikaa, tatizo ni kofia

Wadau, kwa mlioiona ile klipu ya muuza chipsi: ndiyo, huyo mwenye ovaroli anayekimbia na rimoti mkononi ni mimi. Lakini pale mwisho silii. Ule ni moshi wa methanoli, na yeyote aliyewahi kuinamia ekzosi ya injini ya nitro atanitetea.

Kigari hicho cha rimoti ni cha shemeji. Kaja nacho kutoka Dubai, kakiacha gereji kwangu, kaenda zake Pangani. "Shem, hakikai sailensa, nikiachia resi hakitulii, hebu kiangalie." Mimi nafungua kabureta za Boxer tangu sijaota ndevu, nikamjibu jioni kitakuwa kinaimba. Nililisema hilo mbele ya muuza chipsi, ndiyo maana simu yake ilikuwa tayari.

Injini yenyewe ni ya cc 3.5, unaifumbata kiganjani, lakini inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Boxer haifikishi hata theluthi ya hapo. Plagi yake haina kebo. Ina kiwaya ndani, unakipasha kwa betri mpaka kinakuwa chekundu, unavuta kamba, ikishawaka unaondoa betri na kiwaya kinabaki na moto wake. Kwa hiyo haina swichi ya kuzimia. Hilo likumbukeni.

Mafuta yake ni methanoli, nitromethani, na ya kulainishia mara nyingi ni ya nyonyo. Nilipoiwasha tu, bibi jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kafunga choo.

Ikawa inatoa moshi mzito, inamisi, inatema mafuta kwenye ekzosi. Mafuta yamezidi, hata mtoto anajua. Kwenye pikipiki nilizozoea ungefungua skrubu ya hewa kidogo. Nikafungua. Ikazama kabisa, ikazimika. Nikafungua tena, muuza chipsi akaanza kurekodi. Shemeji akanitumia sauti kutoka Pangani: "Shem, hiyo sindano inabana mafuta, haibani hewa. Ukifunga ndiyo unapunguza." Sasa si angesema asubuhi?

Nikafunga nusu ya robo, nikasikiliza, nikafunga tena kidogo. Jamani. Moshi ukawa uzi mwembamba wa bluu, sauti ikanyooka. Nikaubana mpira wa mafuta kwa vidole: resi ikapanda kidogo, ikazima baada ya sekunde kama mbili, yaani sindano ya chini, ile ya resi ndogo, nayo imekaa. Naomba hili liandikwe mahali: kabureta ilikaa.

Kilichofanya yale mengine ni betri, zile zinazokifanya kigari kiisikie rimoti. Za kwenye kigari mtoto wa shemeji kazichomoa, nikaagiza dukani za bei ya chini, maana mimi naseti kabureta, sifanyi safari ya mwezini.

Nyuma ya gereji kuna uwanja, mwisho wa uwanja kuna mwembe, chini ya mwembe kuna mkeka wa bao. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anamla mzee mmoja mvuvi aliyemfunga Ramadhani nzima. Watu wameshazunguka. Nikavuta resi, kigari kikatoka na vumbi, watoto wakapiga kelele, nami nikajisikia mhandisi.

Nikaachia resi. Haikushuka.

Nikabonyeza breki. Nikakata kulia. Nikakata kushoto. Betri zimekufa, resi imebaki pale pale ilipokuwa, usukani umenyooka, na ulikonyookea ni mwembeni. Sauti ilikuwa ya msumeno unaokata bati. Nikakimbia, rimoti nimeielekeza mbele, nabonyeza breki huku napiga kelele "Ondokeni!" Wote wakaondoka. Mwenyekiti hakuondoka. Alikuwa anatakata, kete zimejaa mkononi, anadondosha moja moja, midomo inahesabu. Mtu aliyesubiri tangu Ramadhani hainuki kwa ajili ya mdoli.

Kigari kikagonga mzizi, kikaruka. Mwenyekiti akainama, kofia ikamtoka. Kikatua katikati ya bao, kete zikapaa, kikapinduka matairi juu. Hapo sasa matairi hayana mzigo, resi ikapanda mpaka meno yakaniuma. Mpira wa mafuta uko chini, siufikii. Nikagusa kichwa cha injini, vidole viwili vikaungua. Njia iliyobaki ni kuziba ekzosi, na kitambaa changu kiko gereji.

Mkono ulikwenda wenyewe. Ninakumbuka kuhisi kitu kilaini, kuona uzi mweupe, viua vilivyotobolewa kimoja kimoja, na kujiambia "hiki si kitambaa", wakati huo huo nikikikandamiza kwenye ekzosi kwa nguvu zangu zote.

Ikazima.

Nikaigeuza ile kofia. Duara jeusi katikati ya utosi, linachuruzika mafuta ya nyonyo. Mwenyekiti akaitazama, akanitazama, bado ameshika kete zake.

"Kijana," akasema, "hiyo ni ya Idd."

Yaliyofuata ni ya kawaida. Shikamoo nyingi, pole nyingi, kete 61 kati ya 64 zimepatikana, mvuvi anadai mchezo umefutwa. Shemeji karudi, kasikia habari yote, kauliza swali moja: "Lakini sailensa imekaa?" Imekaa, shem.

Sasa nisaidieni. Poda ya mtoto nimeweka, sabuni ya vyombo nimeweka, duara linapanuka. Mwenyekiti kakataa pesa, anataka kofia ya viua ya mkono, ya mashine ataijua. Mwenye ndugu Unguja anayeshona aje inbox, na aseme mapema kama anashona saizi kubwa, maana kichwa nimekipima kwa macho na si cha mchezo. Ni haraka kidogo. Barua yangu ya utambulisho ya benki iko mezani kwake, inasubiri muhuri.