Je, Mtoto Njiti Acheleweshwe Kuanza Darasa la Awali?

Mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa Oktoba 2020, mimba ikiwa na wiki 28, alitarajiwa kuzaliwa Januari 2021. Shule zilipofunguliwa Januari 2026, cheti chake kilionesha ametimiza miaka mitano na kupita, ilhali kwa hesabu ya siku aliyopaswa kuzaliwa ndiyo kwanza alikuwa anaifikia. Ndiyo maana wapo wazazi jijini Dar es Salaam wanaoona ni heri mtoto njiti abaki nyumbani mwaka mmoja zaidi.

Hoja yao ina uzito. Madarasa ya awali katika shule nyingi za umma jijini yamejaa, na mtoto mwenye mwili mdogo anayechoka upesi humezwa na umati huo. Hata hivyo, utafiti wa Bavaria, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2015, ulibaini kwamba njiti waliocheleweshwa hawakufanya vizuri zaidi darasani mwaka wa kwanza, na walipofika miaka minane alama zao za majaribio zilikuwa chini kuliko za njiti wenzao walioanza kwa wakati. Bavaria si Mbagala, nakubali. Lakini hapa kwetu mwaka wa kusubiri mara nyingi huishia kwa dada wa kazi na katuni za televisheni, jambo ambalo haliipi nguvu hoja ya kusubiri.

Kwa maoni yangu, umri unabebeshwa lawama isiyo yake. Ugumu wa watoto hawa mara nyingi uko katika umakini, hesabu na kushika maelekezo kichwani. Mwalimu akisema, “Chukua daftari, chora duara, kisha lete mezani,” mtoto huchukua daftari na kuketi nalo kimya. Kwa kuwa hasumbui mtu, hakuna anayeshtuka. Maelekezo hayohayo yakitolewa moja moja, pengine kwa kuoneshwa kwa mkono, huyatimiza, na hilo halihitaji mwaka wa kusubiri. Vilevile, aliyeugua manjano kali au homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga huenda hasikii vizuri, kwa hiyo apimwe masikio kabla hajaitwa mzito wa kuelewa.

Mwalimu hawezi kufanya hayo bila kuijua historia ya kuzaliwa kwa mtoto, na hapa ndipo wazazi wengi husita, wakihofia mtoto atabandikwa jina. Hofu hiyo si ya bure. Hata hivyo, mzazi anaweza kueleza tu mambo ya kuangaliwa, yaani usikivu, uoni na namna ya kumpa maelekezo, bila kusimulia habari zote za wodini.

Kuchelewesha kunanishawishi pale tu mtoto anapokuwa bado kwenye matibabu yanayomkosesha shule siku nyingi, na nyumbani pawepo mtu mzima wa kucheza na kuzungumza naye kila siku.